Neno Ambalo Misenga Hakumwambia Edouard

Watu wanasema Misenga ana roho mbaya. Waseme. Mimi Sharifa nakaanga mikate mbele ya duka lake hapa Kasuku, namjua kuliko wao, na siku ile nilikuwepo.

Misenga anatengeneza kompyuta. Ugonjwa anaoletewa sana ni wa usingizi: mashine inaachwa kidogo, inalala, ukiigusa haiamki, kioo cheusi, taa inapepesa. Nasi watu wa Kindu tumezoezwa vibaya na umeme wa kuja na kuondoka. Kitu kikigoma, tunachomoa prizi tu. Kwa hiyo kila mteja, salamu hazijaisha, Misenga anamwambia: "Usichomoe. Imelala, haikufa. Kazi ambayo hujahifadhi inashikwa na umeme. Ukiukata, njo mwisho wake." Kisha anabonyeza kitufe kidogo tu, anatoa waya wa kipanya na kuurudisha, anangoja. Ikiamka, anahifadhi kwanza, halafu anaikataza isilale tena.

Jeannot alikuwa mdogo wake Misenga, tumbo moja. Wakati wa vita mji ulizungukwa, njaa ikatukamata, naye akavuka mto Lualaba kutoka Alunguli, ng'ambo, akituletea mihogo. Askari wakamshika kivukoni, wakasema ni adui. Edouard ndiye aliyekuwa mkalimani wao. Edouard huyu, jirani, aliyekula kwao tangu utotoni. Wakamuuliza: "Huyu unamjua?" Akanyamaza kimya, mshenzi yule. Jeannot akachukuliwa, na mpaka leo hatujaonyeshwa kaburi.

Mwaka huu mama yake Edouard, bibi Émilienne, alifariki. Kabla ya kufa aliwasimulia wajukuu habari za ukoo wote na kuwabariki, Edouard akimrekodi kwenye kompyuta ya mezani. Bibi akazidiwa ghafla, wote wakamkimbilia, mashine ikalala bila mtu kuhifadhi kitu. Ikakataa kuamka. Familia ilitaka sauti ile isikike matangani, basi Edouard akaja mwenyewe kumwita Misenga. Nikafuatana naye, maana msiba ni msiba.

Misenga akaketi, akaiona taa inapepesa.

"Ndani iko nini?"

"Sauti ya mama, dada yangu. Ya mwisho. Sikuihifadhi."

"Papa Edouard, Jeannot walimpeleka wapi?"

"Ah, hayo mambo ya vita. Tuyaache."

Misenga akaondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Edouard akangoja, akachoka.

"Labda tuchomoe kwanza," akasema, akainama chini ya meza.

Misenga alikuwa na nafasi ya kusema. Hata mimi, neno lile nalisikia kila siku dukani. Nikafunga mdomo.

Taa ikazimika. Edouard alipoirudisha prizi, mashine ikawaka vizuri kabisa. Akatafuta sauti. Akatafuta tena.

"Iko wapi?"

"Umeiua mwenyewe. Ilikuwa hai mpaka ulipochomoa."

"Na ulijua?"

"Nilijua," akajibu, na hakupunguza sauti. Wafiwa wote walisikia. "Neno moja lingetosha."

Edouard akakaa sakafuni, akalia mpaka wajukuu wakatoka nje. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu. Sikumhurumia, wala sitamhurumia.

Baadaye wakagawa chakula cha matanga, wali na samaki. Misenga akanawa mikono, akala sahani yote, akaomba aongezewe.