Utumishi Wangu Miguuni pa Mchungwa

Siku ya kwanza kazini nilichelewa. Nalisema mapema, ili ninyi wadogo zangu wa darasa la tano msidhani sisi wakubwa tulizaliwa na adabu. Utumishi wangu hapa Mtunda ulidumu likizo moja nzima, na nimestaafu nikiwa na miaka kumi na sita na meno yote.

Mkuu wangu alikuwa Bwana Shamba Msaidizi, mtu wa kaptula iliyopigwa pasi hadi ingeweza kusimama peke yake.

"Wewe ndiye uliyeletwa na mwalimu mkuu?"

"Ndimi, bwana. Alinisifu?"

"Alisema afadhali uwe huku."

Kazi yetu ilikuwa maradhi ya michungwa. Mti ukiugua, gome la chini hupasuka likatoa utomvu mzito kama gundi, majani yakawa manjano, mizizi ikaoza. Ugonjwa hukaa udongoni na hupenda majimaji. Basi unafukua shina mpaka mizizi ya juu ione jua, unakwangua gome bovu, kisha unamwagia mrututu, zile chenga za buluu, uliochanganywa na chokaa. Unachanganyia mtungini, maana mrututu hula chuma. Ukitaka kujua kama umekolea sawa, chovya kisu; kikitoka na rangi ya shaba, ongeza chokaa.

Mimi nilichovya kisu cha jikoni cha Bi Zainabu, mwenye mchungwa tuliopewa kuutibu.

"We mtoto, kisu changu umekifanyaje?"

"Nimekivisha shaba, bibi. Sasa ni cha harusi."

Alinikimbiza na mwiko hadi barabarani.

Lakini mchungwa wenyewe haukuwa wa mchezo. Aliupanda marehemu mumewe, na kila Ramadhani mtaa mzima ulifuturu kwa machungwa yake. Bwana Shamba Mkubwa, Mzungu wa Utete, alikwisha kuutazama akatoa amri: "Mimi narudi kabla shule kufungua. Kama gundi bado natoka, kata, choma moto."

Tukafukua, tukakwangua, tukamwagia. Wiki mbili zikapita, gundi inatoka tu. Bwana Msaidizi akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni.

"Chokaa ulipima?"

"Kwa kibaba, wallahi."

"Usiape. Nakujua."

Adhuhuri moja Bi Zainabu akaniuliza kama nimesali. Nikamjibu nina kazi ya serikali. Akanionyesha kwa kidole jiwe la kutawadhia, lililokuwa palepale kivulini, chini ya mchungwa. Nikakaa, nikachota maji kwa kata, nikaosha uso, mikono, miguu. Nikatazama chini. Maji yangu yaliteremka moja kwa moja kwenye shimo tulilofukua, yakatuama, na dawa yetu ikielea juu. Watu saba nyumba ile, mara tano kwa siku! Tulikuwa tumeuchimbia mti kisima.

"Bwana!" nikapiga kelele. "Mchungwa unatawadha!"

"Na wewe umemaliza?" akauliza Bi Zainabu.

Jiwe lihamie kwenye migomba, tukasema. Akakataa katakata. "Hapo aliliweka mume wangu."

Bwana Msaidizi akavua kofia. "Mama, na mti aliupanda yeye. Kimoja lazima kisogee, na jiwe halina mizizi."

Bi Zainabu akajifunga kanga kiunoni, akashika upande mmoja wa jiwe. "Haya, mtumishi wa serikali, shika huko."

Tukaacha shimo likauke, tukamwagia dawa upya. Siku Mzungu aliporudi alipiga magoti, akakwaruza kwa ukucha. Gundi ilikuwa kavu, na juu yamechipua majani mapya.

"Dawa gani hii?"

"Mrututu na chokaa, bwana," akasema Bwana Msaidizi. "Na sala ya adhuhuri."

Mzungu aliandika mrututu na chokaa.

Pensheni yangu niliipokea jioni ileile: chungwa moja, lililokatwa kwa kisu chenye wekundu ambao majivu yameshindwa kuutoa. Lilikuwa kali kama ndimu.

"Mbona kali, bibi?"

"Ugonjwa ndio kwanza unalitoka. Njoo Ramadhani ulione. Na ukija, utawadhie kule kwenye migomba."

Nikalila lote, na kokwa zake.