Bibi Burulkan Aizunguka Sayari kwa Miguu

Bibi Burulkan alichunga kondoo milima ya Naryn miaka hamsini. Magoti yalipomgomea, akahamia mjini kwa mjukuu wake Nurtilek, mwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta. Siku moja alianza kucheza mchezo wa kusafiri angani, akatua na chombo chake kwenye sayari tupu, akashuka.

"Bibi, rudi uruke! Hiyo sayari ni kubwa kweli kweli," Nurtilek akamwambia.

"Ardhi unaijua kwa kuikanyaga, mvivu wee. Wewe hata sokoni unapanda teksi!"

Akarundika mawe pembeni ya chombo, kama wachungaji wetu wanavyoweka alama, akaondoka. Kila alasiri alikaa mbele ya kompyuta akatembea humo mchezoni, akinyoosha upande mmoja tu, na kila alipovuka mlima aliacha rundo jingine. Sisi wateja tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

Siku ya arobaini na moja, mbele yake likatokea rundo la mawe. Pembeni yake, chombo. Chake! Ukumbi mzima tulisimama, makofi na miluzi.

Bibi akamgeukia Nurtilek. "Kubwa, ulisema? Kondoo wangu wamepotelea mabonde makubwa kuliko hiyo. Haya, nipe nyingine."