Sauti Iliyochelewa

Juma lililopita binamu yangu alinitumia kwa simu wimbo wa kikundi cha ngoma za jembe, zile za shambani watu wakilima, ambamo babu yetu aliimba ujanani. "Sikiliza dada, wameusafisha, hauna hata mkwaruzo," aliandika. Niliusikiliza mara tatu, na kila mara shaka yangu iliongezeka. Ili uelewe, ndugu yangu, jinsi wimbo safi unavyoweza kumnyima mtu raha, inanipasa nikurudishe Somanda, katika msimu ule ambapo wanunuzi binafsi walifika Bariadi kwa mara ya kwanza na mizani yao ya pamba.

Kabla ya hapo tulikuwa na mizani moja tu, ya ushirika, ambayo watu waliilalamikia kama wanavyomlalamikia mkwe waliyemzoea. Sasa mizani ilining'inia kila penye kivuli, na kila mwenye nayo alitabasamu. Bibi hakuiamini hata moja. Alikuwa na jiwe jeusi ambalo uzito wake aliujua tangu zamani, nami ndiye niliyelibeba kikapuni, chini ya michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za kula njiani. Kabla gunia lake halijatundikwa, lilitundikwa jiwe. Wanunuzi walicheka. Mizani ikisema uongo, Bibi aliwaaga kwa adabu zote na kurudi na pamba yake. "Asiyepima mizani hupimwa yeye," alikuwa akisema.

Nyumbani tulikuwa na mashine ya santuri iliyotumia betri ya gari, na santuri moja iliyothaminiwa kuliko ng'ombe. Wageni fulani waliwahi kurekodi kikundi cha babu, na wimbo wao ulikuwa wa mwisho, karibu kabisa na karatasi ya katikati. Bibi alitwambia kwamba sauti inayoongoza ni ya marehemu. Lakini sindano ilikuwa imechakaa, na kila ilipofika huko ndani sauti iligeuka mlio wa mafuta yanayokaangwa.

"Huyo si mzee wako," jirani alimtania kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa. "Huyo ni panya kabanwa na mlango!"

"Wewe masikio yako yalizibwa na ngoma za kwenu," Bibi alimjibu. Alicheka, lakini siku hiyo hakula.

Mjomba alileta kichwa kipya cha sindano, alichokinunua kwa mfanyabiashara aliyefungua duka la saa, pasi na redio kuukuu kutoka ng'ambo. Kichwa kile hufungwa kwa skrubu mbili. Kikikaa upande hata kidogo, sindano huukwangua wimbo badala ya kuuimbisha, na hukwangua zaidi karibu na katikati, pale pale alipokuwa babu. Kila kosa lingekula kipande cha sauti yake. Kwa hiyo Bibi alikataa katakata santuri iguswe mpaka kipatikane kipimo cha kukinyooshea kichwa hicho.

Mfanyabiashara alikuwa nacho: kioo kidogo chenye mistari, kizuri mno, ambacho hulazwa mahali pa santuri ili sindano itue penye alama na kichwa kilale sambamba na mistari. Bibi alitazama uso wake humo, kisha akanigeuzia nisome nyuma. Uliandikwa urefu wa mkono unaobeba sindano, wa mashine ambayo kioo hicho kilitengenezewa. Alikuwa amekuja na bua la mtama alilolikata kwa urefu wa mkono wetu. Tulilipima, nalo likazidi kwa upana wa haragwe.

"Mama, hiki kimetoka nje!" mfanyabiashara alilalamika.

"Hata mizani ya jana ilitoka nje, mwanangu."

Tukaenda kwa mwalimu wa hesabu, ambaye alichora kipimo chetu kwenye kadi ya manila, kwa mistari myembamba kama nywele. Nilidhani safari imekwisha. Bibi akauliza amepimia rula ipi.

"Mayu, mama yangu, mimi nafundisha hesabu!"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, simwulizi mbuzi."

Mwalimu, kwa uso uliokunjamana, akaonyesha rula ya plastiki, mpya, inayopenyeza nuru, ya zile zilizojaa sokoni mwaka ule. Bibi aliomba na ile ya mbao ambayo mwalimu alitoka nayo chuoni. Walizilaza pamoja kwenye dawati. Ya plastiki ilitimiza sentimita zake thelathini kabla ya ile ya mbao kutimiza zake. Mwalimu aliisukuma kando ile ya plastiki. Kisha akachukua manila nyingine.

Alasiri ya Jumapili mjomba alikaza skrubu, huku Bibi amemwita jirani aje ashuhudie. Mlio wa mafuta ulikuwa umetoweka. Sauti inayoongoza ikatoka nyembamba, kali, safi, na hata mimi, niliyemjua babu kwa miaka michache tu, nilitambua kwamba si yake. Jirani aliinamisha macho.

Bibi hakusogea. Waitikiaji wakaitikia, wakafunga kwa pamoja, na baada ya wote kunyamaza ikasikika sauti moja nzito, peke yake, ikimalizia neno. Akainua kidole.

"Huyo hapo. Hata harusini kwetu alichelewa."

Jirani alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga, na Bibi akaagiza sindano irudishwe. Tangu siku hiyo hakusema tena kwamba babu aliongoza. Alisema, "Ngojeni, anakuja."

Santuri ilivunjika tulipohama. Minyaa imeng'olewa, kumejengwa kuta za matofali, na sijaona tena mtu akienda kuuza pamba na jiwe lake. Kadi ya manila ninayo, ina tundu katikati na alama ya kidole cha Bibi chenye mafuta ya karanga.

Niliuweka wimbo wa binamu, ule ule wa santuri, sikioni mara ya nne. Waitikiaji waliitikia, wakafunga kwa pamoja, vizuri kabisa. Nikangoja. Nikamngoja babu mpaka simu ikajizima taa.