Filimbi Nyuma ya Shabaha

Kiwanja cha Koboko tulipewa kwa urahisi mno. Kule Pajulu, nje kidogo ya mji wa Arua, tulikuwa tumezunguka msimu mzima tukibembeleza shule na makanisa watuachie kipande ambacho watoto wangeweza kurushia mishale bila kumjeruhi mtu. Kila mmoja alikuwa na mihogo yake au ng'ombe wake. Kule Koboko, mwenzangu tuliyeanzisha naye kazi hii aliuliza mara moja tu, na wenye ardhi wakasema chukueni, hatukitumii.

Mwenzangu huyo alikuwa mtu wa maabara katika kituo cha afya, mwenyeji wa hapo hapo Koboko, mcheshi, asiyeamini kitu mpaka akiweke chini ya darubini. Mimi ni mwalimu wa sekondari Arua. Tulikutana Kampala kwenye mafunzo ya makocha wa upinde, tukarudi na pinde chache zilizotumika na wazo moja: watoto wetu, wenyeji na wakimbizi, wasimame kwenye mstari mmoja wajifunze kutulia. Hakuna aliyetutuma. Shabaha tulizitengeneza wenyewe kwa magunia tuliyoyashindilia nguo kuukuu, na kila Jumamosi nilitoka Arua asubuhi kwenda Koboko.

Kabla mtoto hajagusa upinde tulimfundisha filimbi. Ikilia mara mbili, sogea kwenye mstari. Mara moja, anza kupiga. Mara tatu, weka upinde chini uende ukachukue mishale yako. Na ikilia mara tano mfululizo, kuna hatari, teremsha upinde hapo hapo ulipo. Hiyo ya mwisho tuliieleza kwa mdomo tu. Sikutaka kuipuliza bure watoto wakaizoea.

Nyuma ya shabaha kulikuwa na nyasi ndefu kunizidi. Mbuzi wa majirani walikula mpaka ukingoni, wakageuka. Niliona jambo hilo wiki ya kwanza, nikadhani nyasi zenyewe ni kali mdomoni.

Miongoni mwa watoto kulikuwa na msichana wa Sudan Kusini, mrefu, wa maneno machache, ambaye alivuta uzi wa upinde kama mtu anayefungua mlango asiyetaka kumwamsha aliyelala. Tangu mwezi wa kwanza alikuwa bora kuliko wote. Mama yake, aliyeuza samaki wakavu sokoni, alikuja siku moja akasimama mbele yangu.

"Mwalimu," alisema, "mimi nakimbia vita na huyu mtoto mgongoni. Sasa wewe nafundisha yeye vita?"

"Mama, hii hapana vita. Hii iko mchezo tu."

"Mchezo ya kuua nini?"

Akamshika bintiye mkono wakaondoka. Jumamosi iliyofuata msichana aliletwa na shangazi yake, ambaye alituambia mama amekubali kwa shingo upande, maana mtoto alikuwa amegoma kula.

Mkasa wa kwanza ulitokea asubuhi ya mawingu. Watoto walikuwa kwenye mstari wakipiga. Nilikuwa nyuma ya mmoja wao, mikono yangu yote miwili mabegani mwake nikimnyoosha, na filimbi yangu ikining'inia kifuani. Mara filimbi ikalia mara tatu, wala si yangu. Ilitoka mbele, ndani ya nyasi, safi kabisa, kwa mpumuo uleule niliozoea kuutumia mimi.

Watoto kadhaa waliweka pinde chini wakaanza kutembea kuelekea kwenye shabaha. Mmoja wa mwisho alikuwa ameshavuta uzi. Mshale wake ukapita katikati ya wenzake wawili, ukazama kwenye gunia.

"Simama! Simama wote!" mwenzangu alipiga kelele. Kisha akanigeukia, jasho limemtoka. "Mwalimu, kwa nini wewe napuliza?"

"Si mimi."

"Basi nani?"

Watoto wote walinyoosha vidole mahali pamoja.

Mwenzangu aliingia kwenye nyasi na fimbo, akakaa humo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Alitoka na vishada vya mbegu suruali nzima. "Ndege," alisema. "Iko ndege huku kwetu anaiga sauti ya mutu. Anasikia filimbi yako kila wiki, amejifunza." Nililikubali neno hilo kwa furaha. Ndege wa namna hiyo wapo, nimewahi kumsikia mmoja akirudia mluzi wa mchunga ng'ombe mpaka mwenye mluzi akakasirika.

Jirani aliyekuwa akipalilia karanga ng'ambo ya kiwanja alikuwa na maneno mengine. "Zamani askari walikuwa nafanya mazoezi hapa," aliniambia. "Filimbi, filimbi, tangu asubuhi. Siku moja wakapanda lori. Hakuna mutu alirudi." Alisema hivyo kama anavyoeleza mtu habari za mvua ya mwaka jana, wala hakuacha jembe.

Tuliweka filimbi kabatini. Kuanzia hapo tukaamrisha kwa sauti na kwa bendera nyekundu, na watoto wakazoea upesi. Filimbi ya kwenye nyasi haikuzoea. Jumamosi nyingine ilinyamaza, nyingine ililia mara mbili, ikatulia kidogo, ikalia mara moja. Mbili, kisha moja, kwa mpangilio wetu, kana kwamba huko nako kuna mstari na watu wamesogea. Watoto walicheka. Wakaipa jina, kocha wa tatu. "Leo kocha wa tatu amechelewa," walisema, na mimi nilicheka nao, ila mgongo wangu sikuugeuza upande ule.

Halafu ikaja siku ninayotaka kuisimulia. Jua lilikuwa kali, hakuna upepo. Mwenzangu alikagua uwanja, akainua bendera, akaita, "Piga!" Msichana yule alikuwa mwisho wa mstari. Alivuta uzi mpaka kidevuni akatulia, na mimi nilikuwa namtazama kwa raha, kwa sababu kutulia kwake kulikuwa kuzuri.

Filimbi ikalia kwenye nyasi. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Haikusita.

Hakuna mtoto aliyewahi kuisikia ikilia mara tano kwenye kiwanja kile. Lakini wote waliteremsha pinde kwa pamoja, na msichana yule akaulegeza uzi pole pole, mshale ukiwa bado mkononi. Ndipo nyasi nyuma ya shabaha yake zikafunguka, akatokea mama yake.

Alikuwa amezunguka kwa nyuma, kupitia shamba la karanga, ili amtazame mwanawe bila kuonekana. Alisimama pale na kitenge chake cha rangi ya majani makavu, kando kabisa ya gunia, mahali ambapo mshale ukipotoka kidogo tu hupita. Msichana alitupa upinde akakimbia.

Nilipowafikia walikuwa wameketi chini wote wawili. Nilimuuliza mama yuko wapi mtu aliyepuliza filimbi.

"Filimbi gani?"

"Hiyo imelia sasa hivi. Imelia hapo wewe umesimama."

Alinitazama, akawatazama watoto. "Mwalimu, mimi iko peke yangu huku. Hapana sikia kitu."

Mwenzangu alikuwa nyuma yangu. Nilimngoja aseme ndege. Hakusema, na mpaka leo hajasema.

Wazazi walikuja wiki ile na mapanga wakakata nyasi zote. Tukainua tuta la udongo nyuma ya shabaha na kuzungusha uzio wa miti, kazi tuliyopaswa kuanza nayo. Mwenzangu alipekua kila rundo la majani akitafuta kiota, unyoya, chochote. Hapakuwa na kitu. Ardhi ilikuwa tambarare na ngumu, kama iliyokanyagwa jana.

Tuliwauliza watoto kama tuhame. Walishauriana kwa lugha zao, wakakataa. Mama wa yule msichana sasa huja kila Jumamosi na chupa ya chai, hukaa nyuma ya mstari, na ndiye anayeshona ngozi za kukinga vidole vya watoto. Hajawahi kuniambia kwamba amebadili mawazo, nami sijamuuliza.

Tangu nyasi zikatwe sijasikia filimbi tena. Nilidhani ningelala vizuri zaidi. Lakini watoto wakishasogea, pinde zimeinuliwa na bendera iko mkononi mwangu, najikuta nimechelewa kutoa amri, nasikiliza, na nikitupa jicho pembeni naona mwenzangu naye ameinamisha kichwa. Watoto wananisubiri bila kulalamika. Kisha naita, na mishale inaondoka.