Bonyeza Hapa, Kwenye Karatasi

Ucheke tu, sitakasirika. Naandika mwongozo wa programu inayoendesha pampu za mgodi, upande wa Kipushi. Maandishi ni yaleyale kwenye intaneti na kwenye kitabu kinachochapwa. Nilijisifu sana kwamba sibadilishi hata nukta.

Halafu fujo ikaingia mjini, na intaneti ikakatwa. Asubuhi ile barabara ilikuwa tupu. Viatu tu vilibaki katikati ya lami. Pampu kubwa ikazima. Mimi na mafundi, ndani ya chumba cha pampu chenye giza, tukasikia maji yakinong'ona mle shimoni, yakija juu.

Mkuu wa pampu, Papa Kalenga, akafungua kitabu changu kwa mwanga wa tochi.

“Pampu ikizima, bonyeza hapa,” akasoma.

Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe. Akageuza ukurasa, akarudi, kisha akayabonyeza yale maneno ya bluu kwa kidole gumba, polepole, kama anayetafuta mapigo ya moyo kwa maiti. Mafundi wote wakangoja.

Nikasema kwa sauti ndogo kwamba hatua zenyewe ziko kwenye intaneti.

Akanisukumia kitabu kifuani.

“Ni weye uliandika, mutoto yangu? Basi bonyeza weye, tuone. Maji iko napanda.”