Bi Matone alipima chumvi, akaambiwa ameua tangi

Saa nne asubuhi, sebuleni kwa mwalimu mstaafu, mwanamke mmoja amepiga magoti mbele ya tangi la kioo. Anavuta maji kwa bomba la sindano, mililita tano kamili, anayamimina kwenye kichupa, kisha anaanza kudondosha dawa. Maji yanageuka buluu. Anatikisa, anadondosha tena, midomo ikihesabu bila sauti.

Tone la nane, buluu inageuka njano.

"Nane," anatangaza. "Uko vizuri, mwalimu. Matumbawe yako yana cha kujengea mifupa."

"Na mifupa yangu mimi?"

"Hiyo peleka hospitali. Mimi wazee siwapimi."

Wateja wanamwita Bi Matone. Ana miaka arobaini na sita, na kazi yake ni kupima maji ya matangi ya watu wanaofuga matumbawe na samaki wa baharini majumbani. Alijifunzia kwenye maabara ya idara ya maji, alikoajiriwa kuosha vyombo vya kioo kwa miaka tisa. Wataalamu walikuwa wanapima, yeye anaosha na kutazama. Hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyemkataza.

Miezi miwili iliyopita alikuwa na matangi kumi na moja. Leo anayo matatu. Kumi na moja yalitosha kodi ya nyumba na ada ya binti yake anayesomea uuguzi. Matatu hayatoshi hata kodi, na binti yuko nyumbani tangu mwezi uliopita, amekaa na vitabu vyake mezani.

Sitajifanya sina upande katika habari hii. Mama huyu ameonewa.

Tangi kubwa kuliko yote aliyokuwa akiyahudumia lilikuwa la mfanyabiashara mmoja. Lilijaa ukuta mzima wa sebule. Mwenye tangi aliposafiri kwa wiki tatu, alimwachia shemeji yake, kaka wa mkewe, kazi moja tu: kuongeza maji kila siku yanapopungua.

Hapo ndipo penye mtego. Maji ya tangi yanapungua kwa kuwa yanageuka mvuke, lakini chumvi haiondoki na mvuke. Inabaki yote. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji baridi yaliyochujwa, yasiyo na chumvi hata chembe. Bi Matone alikuwa ameweka ndoo mbili kabatini chini ya tangi: nyeupe ya maji baridi, na ya buluu yenye maji ya chumvi, ambayo huyatumia mwenyewe siku ya kubadilisha maji.

Shemeji alichota kwenye ya buluu. Kila siku. Ilipokwisha, akakoroga nyingine kwa pakiti ya chumvi aliyoikuta kabatini.

Bi Matone alipofika wiki ya pili, alitoa kifaa chake cha kupimia chumvi, kijibomba cha kuchungulia kwa jicho moja ukielekea dirishani. Mstari ndani yake hutakiwa kusimama kwenye thelathini na tano. Ulisimama kwenye thelathini na tisa.

"Nilishtuka nikapima mara tatu," anasema. "Nikamuuliza shemeji anaongeza maji gani, akanionyesha ndoo. Nikamwambia, kaka, hii hapana, tumia nyeupe. Akanijibu, 'Mama, wewe pima tu, mengine tuachie wenye nyumba.'"

Alipunguza chumvi kidogo siku hiyo, maana ukiishusha kwa pupa unawaua vilevile. Akaandika namba kwenye daftari la tangi. Akamtumia mwenye tangi ujumbe kwenye simu. Nimeuona. Umesomwa, haukujibiwa.

Wiki iliyofuata alisoma arobaini na tatu. Matumbawe yalikuwa yamejikunja, mengine yanachunika ngozi. Alipiga simu mara nne, haikupokelewa. Mwenye tangi alirudi siku tatu baadaye akapokelewa na uvundo.

Hakumuuliza mtu. Alirekodi sauti ya sekunde ishirini na kuituma kwenye kundi la simu la wenye matangi: "Yule mama wa matone ameniulia tangi. Msimruhusu aguse maji yenu." Kufikia jioni, wateja saba walikuwa wamemwambia asije tena. Ukimjumlisha na huyo mfanyabiashara mwenyewe, wanane.

"Kuna mmoja nimemhudumia miaka mitano," anasema, na hapa sauti inampanda. "Miaka mitano! Hakunipigia hata kuuliza, Bi Matone, kulikoni? Mtu anaamini sekunde ishirini!"

Je, yeye hana kosa? Nilimuuliza.

"Ninalo. Sikuandika juu ya zile ndoo ipi ina maji gani. Mwenye tangi alikuwa anazijua, nikaona inatosha. Hilo nalikubali mbele ya yeyote. Lakini kuua, sikuua."

Ushahidi anao. Kila anapopima huhifadhi kichupa kimoja cha maji, amekifunga kwa nta na kukiandika tarehe. Alivipeleka vya wiki zile kwa mfanyabiashara, akakataa hata kuchungulia. Mimi nilichungulia kwa kile kijibomba. Thelathini na tisa. Arobaini na tatu. Mtu mwenye jicho moja zima angeona.

Nilimpigia shemeji. Hakuficha kitu, maskini, kwa sababu hadi leo hajui alichokifanya. "Samaki si wa baharini? Nikawatilia maji ya chumvi. Sasa kosa liko wapi?"

Nilimpelekea mfanyabiashara maneno hayo. Akaniambia bila aibu: "Nayajua hayo, shemeji mwenyewe aliniambia. Ulitaka nifanyeje? Nimwaibishe kaka wa mke wangu kwa ajili ya fundi?"

Basi alijua. Alijua, na ile sauti akaiacha kundini mpaka binti wa mtu amerudishwa nyumbani kutoka chuo. Nimeandika habari nyingi za wizi, na sijui huu wa jina la mtu tuuite nini.

Juzi alimpigia Bi Matone. Ameosha tangi, ameagiza matumbawe mapya, na amegundua hakuna mwingine anayeweza kuyapima. Akamwomba arudi, yaliyopita yaishe kimyakimya.

Bi Matone anataka kurudi. Anataka matangi yake yote kumi na moja, na anataka binti yake awe chuoni muhula ujao. Hafichi.

"Nilimwambia nitakuja hata kesho," anasema huku akifunga mkoba wake wa vichupa. "Akafurahi, akasema mimi ni muungwana, ataniomba radhi nikifika. Nikamwambia, mzee, mimi usiniombe. Mimi najua sikuua. Waambie wale uliowaambia."