Siku Baba Aliposhika Skrubu za Mizani

Wakati Katanga ilipojitenga na Kongo, mji wetu ukiwa bado unaitwa Elisabethville, nilifanya kazi kwenye famasi ya hospitali ndogo ya masista. Nilikuwa msichana wa mtaa wa Bel-Air, binti wa fundi wa reli aliyetoka kaskazini mwa Katanga. Aliyenifundisha kazi alikuwa kijana wa Kasai, jimbo jirani, mwenye sauti ya chini na viatu vilivyong'aa hata msimu wa matope. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita kwetu kaka mkubwa, ingawa moyoni nilikuwa nimeshaacha kumwona kama kaka.

Kila asubuhi tulianza kwa kusawazisha mizani ya unga wa dawa. Ilikaa ndani ya sanduku la vioo, juu ya bamba zito la marumaru. Miguu yake ya mbele ilikuwa skrubu mbili, na kando yake kulikuwa na pimamaji ndogo ya mviringo. Kiputo cha hewa kisipotulia katikati ya duara, mizani inadanganya, na mtoto mchanga anaweza kupewa dawa kupita kiasi. Yeye aligeuza skrubu, mimi niliinama nikitazama kiputo.

"Inakuya kwako," nilimwambia.

"Doucement, polepole. Na sasa?"

"Iko katikati, yaya."

Angeweza kuifanya kazi hiyo peke yake. Sote wawili tulijua, na hakuna aliyelisema.

Kisha chuki dhidi ya Wakasai ikapanda mjini. Majirani zake walianza kufukuzwa majumbani. Siku moja aliniachia funguo, akamchukua mama yake wakaenda kambini, pembeni ya mji, ambako watu wa kwao walilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za bluu. Nilipomweleza Baba, alisema tu, "Ni muzuri ameenda." Hakuwa na roho mbaya. Aliogopa kwa ajili yangu, maana alikuwa ameona jinsi nilivyolitamka jina la kijana yule.

Mapigano yalipofika mjini, famasi ilifungwa. Risasi zilipotulia Baba alinisindikiza kazini, hakutaka nipite barabarani peke yangu. Tulikuta chokaa ya dari imeanguka kila mahali. Mizani ilikuwa nzima, lakini bamba lilikuwa limesogea, na kiputo kimejibana ukingoni.

Sijamaliza kufuta vumbi, mama mmoja akaingia na mtoto mgongoni, mtoto anachemka homa. Sista aliniandikia kipimo cha kwinini. Nikashika skrubu. Nikigeuza hii, kiputo kinakimbilia kule. Nikigeuza ile, kinapitiliza. Machozi yakaanza kunitoka.

"Mama," Baba aliniita, kama akina baba wa kwetu wanavyowaita binti zao, "unalia nini?"

"Tulikuwa tunafanya wawili, Papa."

Aliweka kofia yake juu ya kiti, akapiga magoti kwenye ile chokaa. Vidole vyake vinene vilizishika skrubu zile ndogo kana kwamba ameshika yai.

"Sema, nigeuze wapi?"

"Kushoto. Kidogo tu. Imepita, rudisha."

"Hivi?"

"Polepole, Papa. Acha hapo."

Kiputo kilitulia. Nilifunga dirisha upepo usiingie, nikapima unga, nikaufunga kwenye karatasi. Yule mama alimpa mtoto dawa palepale mbele yetu, akakaa naye kwenye benchi hadi mtoto akatoka jasho na kusinzia.

Baba alikuwa bado sakafuni.

"Ni yeye alikufundisha hivi?"

"Ndiyo, Papa."

"Na kule kambini banakula nini?"

Nilisema sijui. Alijipangusa magoti polepole.

"Basi kesho tutabapelekea bunga."

Tulimpata yaya kati ya mahema, anasoma kitabu kisichokuwa na jalada. Aliponiona alisimama upesi, kisha akamwona Baba, akainamisha kichwa. Baba alimkabidhi unga, akauliza mama yake yuko wapi ili amsalimie. Baba alikaa ndani ya hema la mama huyo muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na nilisikia wakicheka.

Kambi ilipovunjwa wengi walirudishwa Kasai, lakini yaya na mama yake walibaki. Vita vilipokwisha mimi naye tukafunga ndoa. Mama mkwe alikuwa amedhoofika miguu, na Baba ndiye aliyemshika mkono kumwingiza kanisani, wakitembea nyuma yetu bila haraka.